Jinsi ya kusoma hieroglifi: anza na majina, kama walivyoanza waliozifumbua

Chati wanazouziwa watalii huko Misri huwa na picha 26, moja kwa kila herufi kuanzia A hadi Z. Mtu huandikiwa jina lake kwenye kipande cha mafunjo, akarudi nalo nyumbani akidhani ameshaijua hieroglifi, maandishi ya picha ya Wamisri wa kale. Asimame na chati hiyo mbele ya ukuta wa hekalu la Karnak, hatasoma hata neno moja. Picha za kwenye chati si za uongo, nyingi ni ishara halisi. Kilichokosewa ni wazo kwamba haya ni maandishi ya alfabeti kama yetu. Kosa la upande wa pili ni la kale zaidi na lilidumu kwa karne nyingi: kwamba kila picha ni fumbo la hekima lisilo na sauti, bundi akimaanisha hiki na nyoka kile. Athanasius Kircher, msomi mkubwa wa karne ya 17, alijaza vitabu kwa tafsiri za namna hiyo, na hakuna hata moja iliyosimama.

Njia iliyofaulu ilipitia majina. Jina halitafsiriwi, likivuka kutoka lugha moja hadi nyingine linabeba sauti yake. Ndiyo maana hapa hutaanza kwa kukariri. Utafumbua majina matatu kwa penseli, uone sauti zinavyojitokeza zenyewe, kisha jina la nne litakuonyesha kwa nini alfabeti peke yake haitoshi. Baada ya hapo utasoma jiwe la kaburi.

Vifaa

Tafuta daftari la hesabu lenye miraba, penseli ya HB, kifutio, na picha za maandishi zilizochapwa kwenye karatasi ya A4. Miraba ina kazi yake: Wamisri walipanga ishara katika vyumba vya mraba visivyoonekana, na ukinakili ndani ya miraba utaona mara moja ishara ipi imekaa juu ya ipi. Chagua picha iliyopigwa mwanga ukitokea ubavuni. Mwanga wa usoni (flashi ya simu, kwa mfano) hufuta vivuli, na mchongo wa kina kidogo hupotea kabisa. Jiwe lenyewe usiliguse wala usilipake chaki. Nakili kutoka kwenye picha.

Simu au kompyuta ikionyesha visanduku vitupu mahali pa ishara zilizo hapa chini, weka fonti ya Noto Sans Egyptian Hieroglyphs, ni ya bure. Hieroglifi ziliingizwa katika Unicode (orodha ya kimataifa ya herufi za kompyuta) mwaka 2009, ishara 1,071 kwa mkupuo wa kwanza. Kila ishara ina namba yake kwenye orodha ya Alan Gardiner, mtaalamu wa Kimisri cha kale: herufi inataja kundi, namba inataja ishara. A ni wanaume na kazi zao, D viungo vya mwili, G ndege, M mimea, O majengo, na kadhalika. Ukikutana na ndege usiyemjua, nenda kundi la G umtafute kwa macho. Zoea namba hizi mapema, ndizo zinazotumika kwenye kamusi na programu zote.

Hatua ya 1: Jua maandishi yanaanzia wapi

Hieroglifi huenda kulia au kushoto, na pia huteremka kwa safu. Tazama watu, ndege na wanyama: nyuso zao zinaelekea mwanzo wa mstari. Kwa hiyo wewe nenda ukakutane nao uso kwa uso. Ndege wakitazama kushoto, soma kutoka kushoto kwenda kulia. Wakitazama kulia, anza kulia. Kwenye linta za milango ya mahekalu mara nyingi utakuta mistari miwili inayoanzia katikati na kwenda pande mbili, ili mlango upendeze. Ukiusoma kama mstari mmoja utapata upuuzi kuanzia nusu ya pili.

Ndani ya kila chumba cha mraba, cha juu husomwa kabla ya cha chini. Panapokuwa na ndege na ishara ndogo iliyochomekwa kifuani au mgongoni mwake, usishikilie kanuni kupita kiasi: mwandishi alijaza nafasi ili mstari upendeze, na utaratibu wa kusoma utaupata kwa kulijua neno.

Jambo jingine litakalokusumbua ni heshima. Jina la mungu au neno "mfalme" hutangulizwa katika maandishi hata kama hutamkwa mwisho. Katushi (kizingo kinachofunga jina la mfalme) ya Tutankhamun imeandikwa Amun-tut-ankh. Anayesoma jinsi ilivyoandikwa atasema "Amuntutankh", na makosa ya namna hiyo hayajirekebishi yenyewe.

Hatua ya 2: Ptolemaio

Katushi ni kile kizingo cha mviringo mrefu chenye kijiti mwishoni, nacho hufunga jina la mfalme. Neno ni la Kifaransa, kwa kuwa umbo lake linafanana na ganda la risasi.

Jiwe la Rosetta lilipatikana Julai 1799 huko Rashid, kwenye delta ya Mto Nile, wanajeshi wa Ufaransa walipokuwa wakikarabati ngome. Lina uzito wa kilo 760 hivi, na tangu 1802 liko British Museum, London. Amri moja ya makuhani, ya mwaka 196 kabla ya Kristo, imeandikwa humo mara tatu: mistari 14 ya hieroglifi, 32 ya demotiki (mwandiko wa haraka wa shughuli za kila siku) na 54 ya Kigiriki. Sehemu ya juu ya hieroglifi imevunjika, ndiyo maana mistari haikuweza kulinganishwa neno kwa neno. Lakini Kigiriki kinamtaja mfalme Ptolemaios tena na tena, na katushi zote zilizosalia kwenye hieroglifi zinarudia jina lilelile. Hapo ndipo pa kuanzia.

Nakili katushi fupi, ishara moja katika kila mraba:

𓊪 𓏏 𓍯 𓃭 𓐝 𓇋𓇋 𓋴

Chini yake andika sauti za Ptolemaios kwa mpangilio. Kigoda ni p. Mkate ni t. Kamba yenye kitanzi ni o. Simba ni l. Ile ishara nyembamba iliyolala ni m. Majani mawili ya tete ni i au y. Kitambaa kilichokunjwa ni s. Kigiriki kina herufi kumi, hapa sauti ni saba: p-t-o-l-m-y-s. Irabu kadhaa hazipo, nawe usizitafute.

Mwingereza Thomas Young alifika hapa kabla ya Champollion, Mfaransa aliyekuja kuzifumbua hieroglifi, na katika maandishi yake ya 1819 alipata baadhi ya sauti sawasawa. Alipojikwaa ni kwenye kugawa. Kamba aliiona ya ziada, simba akampa "ole", m akaifanya "ma", na s akaiita "osh". Yaani alilazimisha irabu ziingie, kwa sababu sikio lake lilizitaka. Kosa hilo kila mwanafunzi hulifanya wiki ya kwanza. Dawa yake: ishara moja, konsonanti moja, mpaka ushahidi ukulazimishe vinginevyo.

Hatua ya 3: Kleopatra, na jedwali la kubashiri

Jina moja haliwezi kujithibitisha. Linahitajika la pili lenye herufi zinazogongana na la kwanza, na hilo lilitoka Philae karibu na Aswan, kwenye mnara wa jiwe ambao William John Bankes aliupeleka kwake Kingston Lacy, Uingereza. Kitako chake kina maandishi ya Kigiriki yanayomtaja Ptolemaio na Kleopatra.

Kabla ya kuitazama katushi ya pili, chora vyumba tisa na uandike K-L-E-O-P-A-T-R-A. Kisha bashiri. Chumba cha 2 lazima kiwe simba. Cha 4 lazima kiwe kamba. Cha 5 lazima kiwe kigoda. Cha 6 na cha 9 lazima vifanane, hata kama hujui ni ishara gani. Cha 7 lazima kiwe mkate. Sasa nakili:

𓈎 𓃭 𓇋 𓍯 𓊪 𓄿 𓂧 𓂋 𓄿 𓏏𓆇

Simba yupo, kamba ipo, kigoda kipo, na tai wawili wamekaa mahali pa A mbili. Bashiri nne zimetimia. Ya tano imekataa: chumba cha 7 kilipaswa kuwa mkate, lakini kuna mkono. Hapa wengi hutupa penseli. Usitupe. Champollion alikubali kwamba sauti moja inaweza kuandikwa kwa ishara zaidi ya moja, na jina la tatu lilimpa haki. (Leo tunajua mkono ni d, waandishi wa Misri waliutumia hapa mahali pa t ya Kigiriki.) Mkate na yai vilivyobaki mwishoni havisomwi. Ni alama ya mwanamke, huwekwa kwenye majina ya malkia na miungu wa kike.

Kuna funzo la kunakili hapa. Young naye aliipata nakala ya maandishi ya Philae, lakini mchoraji alikuwa ameandika t mahali pa k ya kwanza, na Young akavunjika moyo. Ishara moja iliyochorwa vibaya ilimfungia mlango. Kwa hiyo nakili mara mbili kwa nyakati tofauti, kisha linganisha nakala zako mwenyewe kabla hujaanza kusoma.

Hatua ya 4: Aleksanda

Sasa una ishara 12. Zijaribu hapa:

𓄿 𓃭 𓎡 𓋴 𓇋 𓈖 𓂧 𓂋 𓊃

Jaza unazozijua: a-l-?-s-e-?-t-r-?. Anayejua kwamba Ugiriki ilikuwa na Aleksandros hana haja ya kuambiwa zaidi. Kikapu chenye mkono ni k, mawimbi ya maji ni n, komeo la mlango ni s ya pili. Na tazama mkono umerudi tena mahali pa sauti ileile uliyoutilia shaka. Hivi ndivyo kazi hii inavyokwenda: jina jipya linaazima kutoka kwa yaliyotangulia, linalipa kwa kuleta ishara mpya, na shaka ya jana inapata jibu.

Hatua ya 5: Ramses, mahali alfabeti inapovunjika

Mpaka hapa mtu angeweza kusema kwamba sauti zilitumika kwa majina ya wageni tu, na mengine yote ni picha za maana. Ndivyo Young alivyodhani. Jean-François Champollion naye aliwahi kudhani hivyo, mpaka alipohesabu. Mkabala wa maneno 486 ya Kigiriki kwenye Jiwe la Rosetta kulikuwa na ishara 1,419 za hieroglifi, ingawa nusu ya hieroglifi imevunjika. Kama kila ishara ni neno, hesabu haikubali. Aina tofauti za ishara zilikuwa 166 tu: nyingi mno kwa alfabeti, chache mno kwa kamusi ya picha.

Septemba 1822 alipata nakala kutoka Abu Simbel, mahekalu ya zamani sana kabla ya Wagiriki kutawala:

𓇳 𓄟 𓋴 𓋴

Mbili za mwisho unazijua: s-s. Ya kwanza ni jua. Champollion alikuwa anakijua Kikopti, lugha ya ibada ya Wakristo wa Misri ambayo ni mjukuu wa Kimisri cha kale, na kwa Kikopti jua ni "re". Ishara ya katikati alishaiona kwenye Jiwe la Rosetta mahali Kigiriki kinapotaja siku ya kuzaliwa. Kikopti cha kuzaa ni "mise". Ra-mes-s: Ramses. Nakala nyingine ilikuwa na ndege kwarara, ndege wa mungu Thoth, ikifuatwa na ishara ileile ya kuzaa: Thutmose. Tarehe 27 Septemba 1822 maelezo yake yalisomwa mbele ya wasomi huko Paris.

Katika ishara hizo nne kuna kazi tatu tofauti. Jua linasimama kwa neno zima. S ni sauti tupu. Na ishara ya kuzaa inabeba konsonanti mbili kwa pamoja, m na s. Kuna kazi nyingine tena, ya kuainisha, na kwa msemaji wa Kiswahili hii haina ugumu wowote.

Chukua neno "paa". Ni mnyama, ni sehemu ya juu ya nyumba, ni kitendo cha ndege, na ni kumkwangua samaki magamba. Tuseme hatuna herufi, tuna picha tu. Paa mnyama tunamchora. Paa la nyumba halihitaji picha nyingine: tunachora mnyama yuleyule, kisha pembeni tunaweka kijumba kumwambia msomaji "mnyama huyu ni sauti tu, mimi nasema jengo". Kupaa tunachora mnyama na bawa. Kijumba na bawa hazitamkwi, zinaainisha. Wamisri walifanya hivyohivyo kwa neno lao la nyumba, *pr*:

𓉐𓏤 ni nyumba. Kijiti kinasema "kitu chenyewe kilichochorwa".
𓉐𓂋𓂻 ni "kutoka". Nyumba imetoa sauti p-r, mdomo unarudia r, na miguu inayotembea inasema ni mwendo.

Ukilielewa hilo la pili, umeshaielewa hieroglifi. Yanayobaki ni mazoezi.

Hatua ya 6: Ishara 24 za konsonanti moja

Kumi na moja umeshazipata: 𓄿 ꜣ, 𓇋 i, 𓇋𓇋 y, 𓊪 p, 𓈖 n, 𓂋 r, 𓋴 na 𓊃 s, 𓈎 q, 𓎡 k, 𓏏 t, 𓂧 d. Ongeza 13: 𓂝 ꜥ, 𓅱 w, 𓃀 b, 𓆑 f, 𓅓 m, 𓉔 h, 𓎛 ḥ, 𓐍 ḫ, 𓄡 ẖ, 𓈙 š, 𓎼 g, 𓍿 ṯ, 𓆓 ḏ. Simba, kamba na ile m nyembamba haziko kwenye orodha hii. Ziache kwa majina ya enzi za Wagiriki, ambako waandishi walikuwa wakihangaika kuandika sauti za kigeni. Kimisri cha kawaida hakikuwa hata na ishara ya l pekee.

Vitabu vya Ulaya hutumia kurasa kadhaa kueleza sauti hizi. Aliyepita madrasa anazijua: ꜥ ni ain, ḥ ni ha ya "Muhammad", ḫ ni kha ya "kheri", q ni qaf. ꜣ ichukulie kama hamza. Zilizobaki, isipokuwa ẖ, ziko kwenye Kiswahili: š ni sh, ṯ ni ch ya "chai", ḏ ni j ya "jiko". Hata kuacha irabu si kigeni kwa aliyezoea kusoma Kiarabu kisicho na fat-ha wala kisra: konsonanti zinaonekana, irabu zinajulikana kwa kuijua lugha.

Jifunze tano kwa siku. Kila moja ichore mara kumi, mara tano ikitazama kushoto na mara tano kulia, ukiitamka. Kwenye kompyuta isiyo na alama hizi, tumia herufi za mfumo wa usimbaji wa 1988: A ni ꜣ, a ni ꜥ, H ni ḥ, x ni ḫ, X ni ẖ, S ni š, T ni ṯ, D ni ḏ. Herufi kubwa na ndogo hapo ni sauti tofauti, kwa hiyo zima ile kazi ya simu ya kusahihisha maneno, la sivyo itakuharibia kila mstari.

Hatua ya 7: Ishara zinazorudia wenzake

Ishara nyingi hubeba konsonanti mbili (𓏠 mn, 𓎟 nb, 𓅨 wr, 𓂓 kꜣ) au tatu (𓄤 nfr, 𓋹 ꜥnḫ, 𓊵 ḥtp). Waandishi hupenda kuzifuatisha na konsonanti zilezile kama ukumbusho. 𓄤𓆑𓂋 ni nfr, "zuri", na kamwe si nfrfr. 𓋹𓈖𓐍 ni ꜥnḫ, "uhai".

Kwa hiyo, ukitaka kutafuta neno kwenye kamusi, livue nguo kwanza. Toa kiainishi cha mwisho kisichotamkwa. Toa konsonanti zinazorudia sauti ambazo ishara kubwa imeshazibeba. Kinachobaki ndicho unachokitafuta, na utakitafuta kwa mpangilio wa kamusi za Kimisri: ꜣ, i, y, ꜥ, w, b, p, f, m, n, r, h, ḥ, ḫ, ẖ, s, š, q, k, g, t, ṯ, d, ḏ. Usikitafute kwa a-b-ch. Maneno hayaachiwi nafasi kati yao, na hapo ndipo kiainishi kinapokufaa zaidi: kikitokea, neno karibu kila mara limekwisha. Vichache vitakuvusha mbali: 𓀀 mwanamume, 𓁐 mwanamke, 𓂻 mwendo, 𓏛 mambo yasiyoshikika, 𓊖 mji, 𓈉 nchi ya kigeni au jangwa.

Zinazofanana, na hasara yake

Jozi mbaya kuliko zote ni 𓅨 na 𓅪. Wa kwanza ni mbayuwayu, mkia wake umepasuka, naye ni wr, "kubwa, mkuu". Wa pili ni shomoro, mkia wake umeviringana, naye huainisha udogo na ubaya. Mkia ukiliwa na wakati, afisa mkuu anageuka mtu duni. Angalia mkia kabla ya kitu kingine chochote.

Bundi 𓅓 ni rahisi: katika ndege hawa wa kawaida, yeye ndiye anayekutazama wewe usoni. Kifaranga 𓅱 ni mnene na hana mkia wa maana. Kikapu chenye mkono 𓎡 ni k, kisicho na mkono 𓎟 ni nb, "bwana" au "kila". Mdomo 𓂋 hauna mboni, jicho 𓁹 linayo. Duara lenye nukta au duara dogo ndani ni jua. Lenye mistari ya kulala 𓐍 ni ḫ. Nyoka aliyelala mwenye vipembe 𓆑 ni f, aliyesimama 𓆓 ni ḏ. Ukiwa na shaka kati ya mbili, andika zote mbili kwenye daftari na alama ya kuuliza; usichague kwa sababu moja inaleta maana nzuri zaidi.

Hatua ya 8: Soma jiwe la kaburi

Maombi ya sadaka ndiyo maandishi bora ya kuanzia, kwa kuwa yanarudiwa kwenye maelfu ya mawe na karibu yote yana mifupa ileile. Chagua jiwe la enzi ya kati ya wafalme, lenye mchongo safi.

Kwanza tafuta 𓇓𓏏𓊵𓏙 mwanzoni. Mfalme ametangulizwa kwa heshima, unasoma ḥtp-di-nsw: sadaka anayoitoa mfalme. Haipo? Huenda umeanzia upande usio.

Pili, jina la mungu. Mara nyingi ni Osiris, 𓊨𓁹 na mungu aliyeketi. Baada yake huja 𓎟 na mji mmoja au miwili, Busiri na Abido: bwana wa mahali fulani.

Tatu, vitu vinavyoombwa. Mkate, bia, ng'ombe, ndege, vyombo vya alabasta, nguo za kitani. Mara nyingi vitatu au vinne vimefupishwa kuwa ishara mojamoja, kichwa cha ng'ombe kwa ng'ombe, kichwa cha bata kwa ndege. Ua la yungiyungi 𓆼 ni elfu moja. Vijiti ni moja moja, 𓎆 ni kumi, 𓍢 ni mia. "Elfu ya mkate" ni ombi, usilichukue kama hesabu ya ghalani.

Nne, 𓈖 𓂓 𓈖, "kwa ajili ya ka ya", yaani ile nguvu ya uhai ya marehemu inayopokea chakula. Ukiiona hii, jina liko karibu.

Tano, cheo, kisha jina, kisha 𓀀 au 𓁐. Jina lianze kusomwa kutoka mwishoni: mtu aliyeketi amefunga jina, nenda nyuma mpaka pale cheo kinapokomea. Mara nyingi hufuata 𓐙𓊤, mꜣꜥ-ḫrw, "mwenye sauti ya kweli", sawa na sisi kusema "marehemu". Wanaoanza huiunganisha na jina, wakampa mtu silabi mbili asizokuwa nazo.

Andika kila mstari mara tatu kwenye daftari: ishara, unukuzi wa konsonanti, tafsiri. Ukiruka wa katikati, makosa yako hutayaona tena.

Kwa kusema kwa sauti, wataalamu huchomeka e kati ya konsonanti, na ꜣ na ꜥ huzisema a, w huisema u. Nfr inakuwa nefer. Ni mapatano ya darasani tu. Kikopti, ambacho kina irabu, kinasema nufe, na barua za kikabari (mwandiko wa Mesopotamia, unaoonyesha irabu) zilizopatikana Amarna, Misri, zinaliandika jina la kiti cha enzi la Amenhotep III kama Nibmuareya, pale vitabu vinaposema Nebmaatre.

Wapo watakaokuambia yote haya ni kubahatisha. Mwaka 1866 huko Tanis lilipatikana jiwe jingine la amri, la mwaka 238 kabla ya Kristo, lenye hieroglifi kamili na Kigiriki kamili. Champollion alikuwa amekufa tangu 1832. Hieroglifi zikasomwa kwa mfumo wake, zikalingana na Kigiriki.

Jipime

Hii ni katushi ndefu ya Jiwe la Rosetta. Ishara nane za mwanzo unazifahamu. 𓌸 ni jembe, mr, "penda". 𓆓𓏏𓇾 ni ḏt, "milele". Kumbuka heshima.

𓊪𓏏𓍯𓃭𓐝𓇋𓇋𓋴𓋹𓆓𓏏𓇾𓊪𓏏𓎛𓌸𓇋𓇋

Kigoda na mkate vimetokea mara mbili. Mara ya pili vimefuatwa na ḥ, na hapo ni mungu wa Memphis, aliyeandikwa kabla ya neno "mpendwa" ingawa hutamkwa baada yake: Ptolemaio, anayeishi milele, mpendwa wa Ptah.